Mtoto aliyegeuka mtu mzima: kwa nini watazamaji hawaamini, na mrekebishe nini

SWALI: Tuko vijana watano hapa Tanga. Tunatengeneza filamu fupi ya kuchekesha, dakika 12, kuhusu mtoto wa miaka 10 anayepata nguvu za ajabu na kugeuka mtu mzima wa miaka 30. Wazo tumelipata baada ya kuangalia Shazam! ya 2019, ile filamu ya mvulana anayetamka neno hilo na kugeuka shujaa mtu mzima mwenye alama ya radi kifuani. Tuna kamera moja, tripodi, taa mbili za LED na laptop ya kawaida. Tumeshuti jaribio la dakika 3 tukawaonyesha watu. Wanasema mtoto na mkubwa ni watu wawili tofauti kabisa, hakuna anayecheka, na radi tuliyoweka kwa programu inaonekana feki. Je, tutafute mwigizaji anayefanana na mtoto kwa sura? Tununue kompyuta yenye nguvu zaidi? Tunataka pia mkubwa aruke angani, na tuna kamba nzuri ya kumning'iniza. Halafu, kwa kuwa filamu ni ya YouTube tu, tunaweza kutumia neno "Shazam" na alama ya radi kifuani?

JIBU: Ndugu zangu, hela ya kompyuta ishikeni kwanza, msiitumie. Malalamiko mawili ya mwanzo, kwamba hao ni watu wawili na kwamba hakuna anayecheka, yana chanzo kimoja, na chanzo hicho hakimo kwenye laptop. Mtazamaji akishaamini kwamba yule bwana wa miaka 30 ndiye mtoto aliyemwona dakika moja iliyopita, kicheko kinakuja chenyewe. Asipoamini, anachokiona ni mtu mzima anayejifanya mjinga, na hilo huchosha haraka.

Kufanana sura kunasaidia kidogo sana. Angalieni hiyo hiyo Shazam!: Asher Angel, anayecheza Billy Batson wa miaka 14, na Zachary Levi, anayecheza umbo lake la utu uzima, hawafanani kwa lolote la maana, na katika malalamiko ya watazamaji sura si kitu. Kilicholalamikiwa ni tabia. Billy ni kijana aliyejifunga, mwenye maneno machache, aliyekwisha kutoroka nyumba nyingi za walezi. Akigeuka, anakuwa mcheshi mwenye kelele na furaha tele, mara nyingine kama mtoto mdogo kuliko Billy mwenyewe. Mtu anaweza kuitetea filamu kwa kusema kwamba nguvu zimemfungua moyo, na utetezi huo una uzito wake. Mimi naona daraja kati ya wawili hao ni jembamba, na kinacholiokoa ni kitu kingine nitakachokifikia. Ninyi mna dakika 12, wao walikuwa na 132. Kosa wanaloweza kulimeza wao litawameza ninyi.

Dawa yake inajulikana tangu 1988. Katika filamu ya Big, mvulana wa miaka 12 anaamka na mwili wa mtu mzima. Muongozaji Penny Marshall alimpa mtoto, David Moscow, aigize matukio ya Tom Hanks kwanza, akayarekodi, kisha Hanks akatazama na kufuata. Mtoto ndiye aliyekuwa chanzo, mkubwa akanakili. Nina hakika kubwa kwamba ninyi mlifanya kinyume: mkampata mtu mzima mchekeshaji, mkamjengea vituko, halafu mkatafuta mtoto wa kufungulia filamu.

Basi anzeni upya na mtoto. Mpelekeni kwenye loksheni yenyewe, na matukio yote ya mkubwa ayaigize yeye, moja baada ya jingine, huku mmoja wenu akirekodi kwa simu. Msimwelekeze sana. Mnatafuta mambo ambayo hakuna mtu mzima angeyabuni: mikono inakwenda wapi akiwa na wasiwasi, anakaaje kwenye kiti, anapodanganya macho yanatazama wapi. Kutoka kwenye rekodi hiyo chagueni tabia tatu za mwili, zisizidi. Labda anavuta kifungo cha shati akisemeshwa na mkubwa. Labda akisimama anaegemea mguu mmoja na kukuna shavu la mguu huo kwa kidole cha mguu wa pili. Labda anajibu "eeh" kabla swali halijaisha. Kisha mkubwa akae na hiyo video siku kadhaa, afuate mwendo na pumzi, aiache sauti. Akijaribu kuiga sauti ya kitoto mmekwisha. Baada ya hapo mkubwa aigize mbele ya mtoto, na mtoto apewe ruhusa ya kusema, "Mimi nisingefanya hivyo." Mumsikilize, maana yeye ndiye mwenye mhusika.

Kama mtoto wenu bado ana aibu mbele ya kamera, mnaweza kugeuza kidogo: chukueni tabia moja ambayo mkubwa anayo kwa asili, mkamfundishe mtoto. Lakini hiyo moja tu. Mkizidisha, mtoto anakuwa mwanasesere na mtazamaji anaona.

Tabia hizo tatu zionekane kwa mtoto mara mbili kabla ya mgeuko, bila kamera kuzing'ang'ania. Halafu, ndani ya sekunde 20 au 30 baada ya mgeuko, mkubwa afanye mojawapo bila kusema neno. Hapo ndipo mtazamaji anaposema moyoni, "Ni yeye." Mkichelewa dakika nzima, ameshaamua kwamba huyu ni mtu mwingine, na kumrudisha ni kazi.

Sasa kile kinachoiokoa Shazam!: rafiki. Freddy Freeman, anayechezwa na Jack Dylan Grazer, anajua siri, na anaongea na yule jitu la misuli kwa namna ile ile anayoongea na Billy. Anamkatiza, anamkaripia, anamwonea wivu. Imani yake ndiyo inayobeba imani yetu. Katika maelezo yenu sijaona rafiki. Mwekeni, mtoto wa umri ule ule, na asibadilishe hata chembe ya heshima yake mbele ya mkubwa. Kichekesho kizima kinaweza kukaa kwenye hilo: bwana wa miaka 30 mwenye ndevu anaambiwa na mtoto wa miaka 10, "We acha ujinga, rudisha mpira wangu," naye anaurudisha huku ameinamisha kichwa.

Hapa nigusie dhana moja inayoharibu filamu nyingi za aina hii. Mtoto wa miaka 10 akipata mwili wa mtu mzima hafanyi utoto. Anafanya utu uzima kadiri anavyoufahamu, tena kwa bidii na uso mkavu. Kinachochekesha ni pengo kati ya bidii hiyo na hali halisi. Katika Shazam! wavulana wawili wananunua bia kwa sababu ndivyo watu wazima wafanyavyo, wanaitema papo hapo. Wanapovamia tukio la ujambazi dukani, wanageuza risasi kuwa majaribio: je, kisichopenywa na risasi ni nguo au ni mwili? Wanamwambia jambazi apige usoni ili wajue. Hakuna anayejichekesha pale. Wanafanya utafiti.

Yenu yatoke kwenu, na kwetu yapo tele. Fikirieni salamu. Mtoto aliyelelewa vizuri akimwona kijana wa miaka 25 anatoa shikamoo kabla hajafikiri. Sasa ana miaka 30 kwa sura, anampa shikamoo dereva wa bodaboda, naye dereva anashtuka, anadhani anakejeliwa. Upande wa pili, watoto wa mtaani wanampa yeye shikamoo, na hajui kwamba zamu ya kuitikia marahaba ni yake, anageuka kutazama ni mzee gani amesimama nyuma. Fikirieni dukani: mtoto anayetumwa amezoea kurukwa na wakubwa kwenye kaunta. Mkubwa wenu ana nguvu za kunyanyua lori, lakini bado amesimama kimya kando, noti mkononi, watu wanampita mmoja baada ya mwingine. Fikirieni mama yake akipita njia ile saa ambazo mtoto alipaswa kuwa chuoni, madrasa. Jitu linajificha nyuma ya nguzo ya umeme. Hakuna kati ya haya linalohitaji kompyuta.

Na muwe na jambo moja ambalo nguvu haziwezi kulitatua. Billy anamtafuta mama aliyepotezana naye kwenye maonyesho akiwa mdogo. Anapompata, anagundua kwamba mama yule aliamua kumwacha. Anayesimama mlangoni pale ni Billy mwenyewe, bila vazi la shujaa, na ndiyo maana tukio linauma. Kwa dakika 12 chukueni jambo dogo kuliko hilo, lakini lazima mtoto alikabili akiwa na mwili wake mwenyewe. Kwa hesabu ya ukurasa mmoja wa skripti kwa dakika moja, mgeuko wa kwanza uwe umetokea kufikia ukurasa wa tatu.

Tuje kwenye radi. Yenu inaonekana feki kwa sababu haimulikii kitu. Programu imechora mstari mweupe juu ya picha, lakini uso wa mtoto, ukuta na ardhi vimebaki na mwanga ule ule. Macho yetu yanajua bila kufundishwa kwamba mwanga mkali huacha alama juu ya kila kilicho karibu. Kwenye Shazam! ile alama ya kifuani iliwekewa taa halisi ndani ya vazi, ili mwanga wake umwangukie mwigizaji kwelikweli. Pamoja na bajeti yao yote, walitaka mwanga wa kweli. Ninyi taa mnazo.

Fungeni kamera kwenye tripodi na msiiguse tena hadi mgeuko umalizike. Iwekeni kwenye fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hetzi 50 na taa za bei nafuu zilizochomekwa ukutani humetameta kwenye kasi nyingine. Zimeni kila kitu cha otomatiki: mwanga, fokasi, rangi. Mkiiacha kamera ijirekebishe, itapunguza mwanga wakati wa kimulimuli na shoti mbili hazitaungana. Wekeni alama ya chaki miguuni pa mtoto. Taa moja ibaki ya kawaida. Ya pili mmoja wenu aishike juu, nyuma kidogo ya mtoto, mita moja hadi moja na nusu, ikiwa kwenye nguvu ya mwisho na imefunikwa kwa kadibodi. Mtoto anapofika silabi ya mwisho ya sehemu yake ya neno la uchawi, kadibodi inaondolewa kwa mkupuo. Mtoto anatoka, mkubwa anasimama kwenye chaki ile ile, taa inafunuliwa vilevile, naye anamalizia neno.

Kwenye kuediti, kateni pale ambapo picha zote mbili zimemwagikiwa na mwanga, na katikati mtie fremu tatu nyeupe tupu. Kwa kasi yenu hiyo ni sekunde 0.12. Zikizidi tano, jicho linapata muda wa kujiuliza kinachofichwa. Mbinu yenyewe ya kusimamisha na kubadilisha mtu, mtengenezaji filamu Georges Méliès aliitumia Ufaransa tangu 1896, na bado inafanya kazi. Tena David F. Sandberg, muongozaji wa Shazam!, alijulikana kwa filamu fupi ya kutisha ya 2013, Lights Out, isiyofika dakika tatu, aliyoishuti nyumbani Sweden huku mkewe akiwa mwigizaji, na chanzo chote cha woga pale ni swichi ya taa inayowashwa na kuzimwa.

Fremu ipangeni kwa kimo cha mtoto. Mwanga ukipungua, tunaona kifua cha mkubwa tu, kichwa kiko nje ya picha. Shikilieni hapo sekunde moja, kisha kamera ipande taratibu hadi usoni. Kicheko kitatoka hapo, bila gharama.

Nusu ya kazi ni ya sauti. Wekeni mlio mkali mfupi, kama bati linalopigwa kwa rungu, uanze fremu ile ile ya mwanga wa kwanza, maana radi imepiga pale pale alipo na hakuna umbali wa kuuchelewesha mlio. Chini yake mtie ngurumo nzito ya sekunde mbili, halafu nusu sekunde ya ukimya kamili kabla ya mkubwa kusikia sauti yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mkitaka kitu hewani cha kuonyesha mwanga, tumieni ukungu wa maji kutoka chupa ya kupulizia, umulikwe kwa nyuma, mbali na waya na soketi. Msirushe unga. Unga uliotanda hewani ukikutana na cheche huwaka kwa mlipuko, na mapafu ya mtoto hayauhitaji.

Mavazi pia yanaunganisha watu wawili. Mpelekeeni fundi kitambaa kimoja kwa mashati mawili, la mtoto na la mkubwa. Mita 4 zinatosha na kubaki. Kinunuliwe kutoka jora moja, kwa kuwa rangi ya jora na jora hupishana, na kamera hulionyesha hilo hata pale macho yenu dukani hayakuliona. Kifungo cha pili kikikatika kwa mtoto, kikatike na kwa mkubwa.

Kuhusu kuruka: kamba hiyo irudisheni ilikotoka. Mtu mzima akining'inizwa kwa kamba ya kawaida anaweza kukatika mbavu, kubanwa pumzi au kuanguka, na fundo lililoshika mara tano halina ahadi ya mara ya sita. Kuruka mnakoweza ni huku: mkubwa asimame juu ya stuli fupi, kimo cha sentimita 40, kamera iwe chini ikitazama juu hadi nyuma yake kubaki anga tupu, fremu iishie kiunoni. Feni kubwa imvumie shati, yeye ainamishe kifua mbele kidogo, na kinachosogea kiwe kamera. Kutua ni rahisi zaidi: shoti ya ardhi tupu, kisha miguu inashuka ndani ya fremu kutoka kwenye stuli ile ile, vumbi linaruka. Katikati ya hizo mbili wekeni uso wa rafiki akifuata kitu kwa macho. Mkiona kweli mnahitaji mtu atundikwe, hilo ni la mtaalamu wa kazi za hatari akiwa pale pale na vifaa vyake. Maelezo ya kuandikwa kama haya hayafai kwa kazi hiyo. Na mtoto asionekane kwenye shoti yoyote akiruka kutoka ukutani au kwenye paa, kwa sababu watazamaji wenu wengi watakuwa wa umri wake na kuta wanazo.

Neno "Shazam" na ile alama, hapana. YouTube si kisiwa nje ya sheria. Filamu inaweza kuondolewa na chaneli yenu ikapata adhabu, hata kama hamjapata shilingi. Historia ya mhusika huyu yenyewe ni onyo. Alitokea kwenye vitabu vya katuni vya kampuni ya Fawcett mwaka 1940, akiitwa Captain Marvel, na wachapishaji wa Superman wakaishtaki Fawcett kwamba anafanana mno na shujaa wao. Kesi ilivutana miaka mingi hadi Fawcett wakaacha kumchapisha mwaka 1953. DC, wachapishaji wale wale wa Superman waliowashtaki, walipata haki ya kumtumia mwaka 1972, lakini jina lake la zamani lilikuwa limeshachukuliwa na kampuni nyingine ya katuni, Marvel, ndipo vitabu vikauzwa kwa jina la Shazam! Watu hao wanajua mahakama ilipo.

Kilicho huru ni wazo. Mtoto kugeuka mtu mzima kwa uchawi si mali ya kampuni yoyote. Neno lenu litoke kwenye maisha ya mtoto wenu. Kama kila anachoomba anajibiwa "subiri ukue", basi neno lake liwe "Nishakua!" Lina faida ya kiufundi: nusu yake ya kwanza inaishia na "a", mdomo ukiwa wazi kabisa, hivyo midomo ya waigizaji wote wawili inakuwa na umbo moja pale mnapokata. Mtoto aseme "Nisha", mkubwa amalizie "kua". Kifuani msiweke radi. Lile shati lenye kifungo kilichokatika linatosha kuwa vazi la shujaa.

Yapo mambo yanayotaka mwende kwa miguu yenu. Kibali cha kupiga picha kinatoka Bodi ya Filamu Tanzania. Waulizeni kabla ya kuweka tarehe, na waulizeni pia utaratibu wa kuonyesha filamu ikiisha. Kuhusu muziki wa msanii mwingine na usajili wa kazi yenu, waulizeni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Taa zikihitaji kuvutiwa umeme nje, mwiteni fundi umeme, msiunge waya kwa selotepu. Mzazi wa mtoto asaini ridhaa na awepo kwenye kila siku ya kushuti. Mtoto afanye kazi asubuhi, kwa muda wa saa tatu au nne tu kwa siku zikiwa na mapumziko, siku zisizo za shule. Akisema amechoka au anaogopa mlio na kimulimuli, simamisheni papo hapo. Kuna watoto ambao mwanga wa kumetameta huwaletea degedege, kwa hiyo mwulizeni mzazi mapema, na kama kuna historia ya kifafa, mtoto asikae karibu na taa hiyo hadi daktari aseme. Tukio la kimulimuli mnaweza kulishuti na taa isiyobadilika, kisha mwanga mkauongeza kwenye kuediti. Litapoa kidogo, lakini litatosha.